Barua ya wazi: Wimbo wa sotoka na rupia tatu usikatwe, unyooshwe

Kwa maafisa utamaduni, maafisa elimu na walimu walezi wa fani za ndani,
Mikoa ya Dodoma na Singida.

YAH: NYIMBO ZA KEJELI KUHUSU UVAMIZI WA WAKOLONI NA MARADHI YALIYOFUATANA NAO

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Tunaoandika ni walimu wa historia, watabibu wa mifugo, na wapigaji wa zeze na marimba ya vidole. Fani hizi hazikai meza moja mara nyingi. Kilichozikutanisha ni wimbo mmoja wenye sura nyingi, ambao kwaya za shule na vikundi vya ngoma vya kanda ya kati huuimba kila kimoja kwa namna yake: mgeni anafika na bunduki, anachukua ng'ombe, anadai kodi, anaacha maradhi, watu wanakwisha. Ukifika mbele ya waamuzi, wimbo huu hupata moja ya hukumu mbili. Ama unapitishwa ulivyo kwa kuwa watu wamecheka, ama unakatwa beti kwa hofu kwamba utawaudhi wageni waalikwa. Ombi letu ni hukumu ya tatu: unyooshwe. Ukali wake hauna tatizo. Tatizo ni kwamba mara nyingi unapiga pembeni, na mkosaji anatoka ukumbini bila hata mchubuko.

Chukueni mstari wa aina ya "mkoloni kaleta malaria". Malaria ilikuwa Afrika maelfu ya miaka kabla ya meli ya kwanza ya Mdachi, yaani Mjerumani, kutia nanga. Ndiyo iliyowaua wageni wengi hata wakaogopa kulala bara bila kwinini. Kwa hiyo mtunzi anayemtwika mkoloni malaria anamnyang'anya mbu wetu sifa yake. Katika vita vile, mbu alikuwa upande wetu. Wapo pia wanaochomeka ukimwi ili wimbo uonekane wa kisasa, nao wanaharibu kabisa, maana msikilizaji anayejua miaka huacha kuamini na beti zilizobaki. Ndui ina habari ndefu kidogo. Ilishatembea na misafara ya pembe na watumwa kabla ya bendera ya Ujerumani kupandishwa. Uvamizi uliizidishia miguu: vita, njaa, watu kukimbia makazi, wapagazi kulundikwa kambini. Mtunzi akiandika "kaleta ndui" amekosea, akiandika "kaitembeza ndui" amepatia. Neno moja tu, na mizani haibadiliki sana.

Sasa tuje kwenye maradhi ambayo kweli yana mhuri wa uvamizi. La kwanza ni sotoka ya ng'ombe, na hapa watabibu wa mifugo tuvumilieni kidogo.

Sotoka ilikuwa ugonjwa wa virusi, ndugu wa damu wa surua ya watoto. Haikumwua mtu kwa mkono wake. Ng'ombe alianza kwa homa kali, macho na pua vikatoa maji mazito, mdomo ukajaa vidonda hata asiweze kula, kisha kuhara, kisha kulala chini. Wiki moja au mbili zilitosha. Kundi lililokuwa halijawahi kuuonja ugonjwa huo liliweza kupoteza ng'ombe 9 katika kila 10. Uliingia Afrika ya Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1880 kupitia pwani ya Eritrea, na maelezo yanayokubalika zaidi yanautaja mzigo wa ng'ombe walioletwa kulisha jeshi la Italia lililokuwa likijiimarisha Massawa. Kutoka huko ulishuka kusini kwa mwendo wa ng'ombe na wanyamapori. Kufikia 1891 ulikuwa umeshawafilisi Wamasai, na mwishoni mwa miaka hiyo ya 1890 ulikuwa umefika Afrika Kusini.

Tazameni kejeli iliyomo humo ndani bila kuongezwa chumvi. Jeshi la ng'ambo linaagiza kitoweo chake, na kitoweo kile kinawaangusha ng'ombe wa watu ambao hawajawahi kumwona askari hata mmoja wa jeshi hilo. Kwa Mgogo, ng'ombe alikuwa maziwa, mahari, ngozi, samadi, na akiba ya mwaka wa ukame. Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na kwa wastani haifiki hata milimita 600. Mwaka mtama ukikauka, watu walikwenda kubadilisha ng'ombe kwa nafaka kwa jirani aliyenyeshewa. Zizi likiwa tupu, ukame wa kawaida unageuka njaa. Ndiyo maana Mdachi alipofika na bunduki zake alikuta watu ambao nusu ya nguvu zao ilishachinjwa. Nyimbo nyingi huimba bunduki kwanza, ng'ombe baadaye. Mpangilio ulio sahihi, na unaochekesha zaidi kwa uchungu, ni ng'ombe kwanza.

La pili ni funza wa miguuni, yule ambaye Waswahili wengine humwita tekenya. Mtunzi aliyelala ndiye asiyeona zawadi katika jina hilo: mdudu anayetekenya, na anayetekenywa hacheki. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Alifika Ambriz, pwani ya Angola, Septemba 1872 na meli ya Kiingereza iliyoitwa Thomas Mitchell kutoka Rio de Janeiro, akiwa ndani ya mchanga uliowekwa tumboni mwa meli kuipa uzito. Mchanga ukamwagwa ufukoni. Misafara ya wapagazi, wafanyabiashara na wavumbuzi ikambeba bara zima kwa nyayo zake, na kabla karne haijaisha alikuwa ameshatokeza upande wa pili, bahari ya Hindi. Hakuna mpelelezi wa Ulaya aliyevuka Afrika kwa gharama ndogo kiasi hicho.

Jike la funza huchimba ngozini, aghalabu pembezoni mwa kucha, na katika muda wa kama wiki mbili tumbo lake hujaa mayai hadi kufikia ukubwa wa punje ya njegere. Anayemtoa kwa mwiba mchafu akakipasua kile kifuko ndani ya nyama hujiletea usaha, na hata pepopunda. Watu walipoteza vidole hadi somo hilo likaeleweka. Haya tunayaandika kwa sababu maalumu. Funza bado yupo, na mtoto mwenye funza bado hutaniwa darasani. Igizo likimleta jukwaani mtoto anayechechemea ili watu wacheke, kejeli imempiga mgonjwa na kumwacha mwenye meli. Mwekeni buti la bwana mkubwa mahali pa mguu wa mtoto, kicheko kitakuja kile kile, tena kwa haki:

Funza kaletwa na meli, mchangani kajificha,
Kavuka bara kamili, kambi yake kwenye kucha,
Hata Bwana Jenerali, buti lake kaliacha,
Karibu mgeni wetu, umebeba nini tena?

Ubeti huo tumeutunga kama kielelezo na yeyote aweza kuuchukua. Mizani ni 16 kwa mstari, 8 kwa 8, na kiitikio kinasimama nje ya vina kwa makusudi. Mwanzilishi huimba mistari mitatu, kundi hudaka wa nne. Kiitikio kikiwa swali la ukarimu namna hii, uzito wake hubadilika kila kinaporudi bila neno kuguswa: mara ya kwanza watu wanakaribisha, mara ya tatu wanashuku, mara ya tano wanashtaki. Kwaya inayoandika kiitikio cha hasira tangu mwanzo, mathalani "tumechoka na wewe", imemaliza akiba yake yote ubeti wa kwanza.

Kuhusu kodi, kanda hii ina utajiri ambao mikoa mingine ingetuonea wivu, nao ni neno hongo. Leo hongo ni rushwa. Karne ya kumi na tisa ilikuwa ada halali iliyotozwa na watemi wa Ugogo kwa kila msafara uliopita kwenda Tabora na Ujiji. Msafara ulikunywa maji ya visima vya watu katika nchi isiyo na maji, ukala chakula chao, kwa hiyo ulilipa kwa vitambaa, shanga au nyaya. Wageni wa Ulaya waliandika vitabu wakilalamika juu ya "ulafi" wa Wagogo. Carl Peters, Mjerumani aliyepita hapa katika safari yake ya 1889 na 1890, hakutaka hata kulalamika: alipiga risasi na kuchoma makazi. Ngome ya Mpwapwa ilijengwa miaka hiyo hiyo, baadaye Kilimatinde, na hongo ya watemi ikakomeshwa. Kisha, kuanzia 1898, serikali iliyokomesha hongo ikaanza kutoza kodi ya kibanda, rupia 3 kwa nyumba ya kijijini. Asiyekuwa na rupia alilipa kwa mazao au kwa jasho lake.

Mtu aliyekataa kulipia maji ya kisima chako anarudi kukutoza kwa kulala ndani ya tembe uliyoijenga mwenyewe. Satiri hiyo imejitunga yenyewe. Kazi ya mtunzi ni kuhesabu mizani tu:

Hongo yetu kaikwepa, kisimani kapitia,
Leo sisi tunalipa, kila kibanda rupia,
Ng'ombe sasa ni mifupa, sotoka imefagia,
Karibu mgeni wetu, umebeba nini tena?

Tunaomba waamuzi waelekezwe kwamba neno hongo likitokea katika nyimbo hizi haliwatuhumu watumishi wa leo. Ni neno la kihistoria. Kama mtumishi wa leo atajikuna akilisikia, hilo ni lake.

Kuna pia picha ya Berlin na keki, iliyochakaa. Wazungu wamekaa mezani, keki imeandikwa TANGANYIKA, kila mmoja anakata kipande. Mkutano wa Berlin ulianza 15 Novemba 1884 ukaisha 26 Februari 1885, na haukuchora mipaka ya nchi hii. Kilichotokea ni cha ajabu zaidi kuliko keki. Wakati wakubwa wakiwa mezani huko, Peters huyo huyo alikuwa Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akikusanya mikataba iliyoandikwa kwa lugha ambayo waliotia alama hawakuisoma. Siku moja tu baada ya mkutano kufungwa, 27 Februari 1885, Kaisari akatia sahihi barua ya ulinzi juu ya nchi hizo. Mipaka yenyewe ikaja kwa makubaliano ya Wajerumani na Waingereza ya 1886 na ya 1 Julai 1890. Igizo lenye mtu mmoja anayekimbia na karatasi tupu kutoka kijiji hadi kijiji akiomba alama ya dole gumba lingewafundisha wanafunzi mengi kuliko keki, na ni rahisi kuliko keki.

Upande wa matibabu panahitaji mkono mwepesi zaidi kuliko popote, nasi tungependa kamati zenu ziwe kali hapa kuliko zilivyo. Mambo ya kukejeli yapo. Kati ya 1906 na 1907, Robert Koch, mwanasayansi mashuhuri wa Ujerumani, alikuwa visiwa vya Ssese katika Ziwa Viktoria akijaribu dawa ya homa ya malale iitwayo Atoxyl, yenye sumu ya aseniki ndani yake. Alipandisha dozi akitaka kuua vimelea kabisa, na baadhi ya wagonjwa wakapofuka macho wasione tena. Hilo liimbwe. Lakini tumeanza kusikia mashairi yanayotoka hapo na kurukia sindano zote, na chanjo zote, kana kwamba kila bomba la sindano ni bunduki ya mkoloni. Mama mwenye mtoto mchanga akiubeba wimbo huo kwenda nao nyumbani, madhara yake yatahesabika wadi ya watoto msimu wa surua.

Na ukweli wenyewe haumsaidii mtunzi wa namna hiyo. Ndui imefutwa duniani kwa chanjo, ikatangazwa hivyo 1980. Sotoka imefutwa kwa chanjo, ikatangazwa 2011. Ndio ugonjwa wa kwanza wa mifugo kumalizwa kabisa na binadamu, na chanjo iliyoumaliza ilitengenezwa Muguga, nchini Kenya. Wafugaji na wachanjaji wa Kiafrika waliotembea na makasha ya barafu nyuma ya makundi ya ng'ombe hawana wimbo hata mmoja tunaoujua katika mashindano yetu. Kwa hiyo pendekezo letu ni mstari mmoja katika mwongozo wa waamuzi: kejeli ielekezwe kwa mtawala aliyewafanya watu majaribio, isielekezwe kwa chanjo. Beti ikivuka hapo irudishwe kwa mwalimu airekebishe. Isifutwe kimyakimya asubuhi ya onyesho, maana kwaya ikipoteza ubeti mmoja bila mazoezi hupoteza na pumzi ya beti mbili zinazofuata.

Vita vya kwanza vya dunia ndio mahali ambapo nyimbo nyingi hukimbia haraka, na ndipo kanda ya kati ilipoumia kuliko popote. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Dodoma 1910, Tabora 1912, Kigoma 1914. Kwa reli hiyo Wajerumani walisomba nafaka, ng'ombe na watu. Julai 1916 jeshi la Waingereza likaiteka Dodoma, nalo likaanza kusomba kile kilichobaki. Wapagazi wanaokadiriwa kufa katika utumishi wa Waingereza peke yake wanakaribia laki moja, wengi kwa kuhara damu na homa ya mapafu kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo ya Dar es Salaam ni kumbukumbu ya kikosi chao. Kisha mvua zikakosa. Kisha, mwishoni mwa 1918, yakaja mafua makuu yaliyofuata meli na reli dunia nzima. Wagogo waliipa njaa ile jina la Mtunya, yaani kugombania, kunyang'anyana. Kadirio la wanahistoria ni kwamba katika watu wapatao 150,000 wa eneo hili, 30,000 walikufa. Mmoja kwa kila watano.

Hapo kejeli inyamaze. Hili ni suala la ufundi sawasawa na la adabu. Wimbo wa kuchekesha unaopita juu ya Mtunya kwa mdundo ule ule wa funza na buti huwafanya wasikilizaji wacheke kwa mazoea, kisha wajionee aibu, kisha wachukie wimbo mzima. Muheme, ngoma ya akina mama wa Kigogo, usimamishwe kabisa. Ibaki zeze moja, sauti moja, mistari miwili au mitatu isiyo na utani, na kiitikio kiimbwe bila ngoma. Halafu kimya cha pumzi mbili. Kwaya nyingi huogopa kimya jukwaani, wakidhani mwamuzi ataandika kwamba wamesahau. Tunaomba waamuzi waambiwe kwamba kimya hicho kina alama zake.

Hatujasema kitu kuhusu Liti, mama wa Kinyaturu anayesimuliwa kuwakimbiza Wajerumani kwa nyuki. Singida wameupa jina lake uwanja wao wa mpira. Shule za upande huo zina ubeti wake tayari, na jeshi lisilodai mshahara wala sare halihitaji sisi tuliongezee neno.

Tuje kwenye sauti, kwa sababu wimbo ulionyooka kwa maneno huweza kupindishwa na vyombo vya ukumbi.

Tatizo kubwa ni kinanda cha umeme. Sauti za Kigogo hazikupangwa kama vitufe vya kinanda. Zinafuata zile sauti ndogo zinazozaliwa zenyewe juu ya sauti mama unapougusa uzi wa zeze bila kuukandamiza: ya sita, ya saba, ya nane, ya tisa, ya kumi. Ile ya saba haipo kwenye kinanda. Kitufe kilicho karibu nayo kiko juu yake kwa takriban theluthi ya nusutoni, na hilo ni pengo ambalo sikio la mtoto wa Chamwino hulisikia hata kama hawezi kulieleza. Mwalimu akitoa sauti ya kuanzia kwa kinanda, watoto huanza kwenye kinanda, kisha wakishakolea hurudi kwenye sauti zao za nyumbani, na mwamuzi huandika "wameshuka". Hawakushuka. Walirudi nyumbani. Kuna uchungu wa ziada pale ambapo wimbo wa kumkejeli mkoloni unapunguziwa alama kwa sababu haukufuata kipimo cha kinanda chake. Ombi: kundi linaloimba kwa mtindo wa Kigogo lipewe sauti ya kuanzia na marimba au zeze lake lenyewe, na kinanda kizimwe. Kizimwe swichi, kisipunguzwe tu.

Ombi la pili ni vipaza sauti. Muheme hupigwa na akina mama wakiwa wamesimama, ngoma ikiwa imebanwa mapajani, na nguvu yake inajaza uwanja wa mpira bila umeme. Zeze ina kibuyu kidogo na nyuzi chache; marimba huvuma kwa utando wa buibui uliobandikwa kwenye tundu la sanduku lake, na mvumo huo ndio nusu ya ladha yake. Fundi mitambo asiyeambiwa huweka kipaza sauti mbele ya ngoma, kwa kuwa ndicho chombo anachokiona. Matokeo yake ni ngurumo, na maneno hayasikiki. Wimbo wa kejeli usiosikika maneno ni mazoezi ya viungo. Kwa kundi la watu 24 hivi, yaani mwanzilishi 1, waitikiaji 14, muheme 5, zeze 2 na marimba 2, vipaza sauti vinne vinatosha: kimoja cha mwanzilishi, viwili vya waitikiaji vikiwa juu ya vichwa vyao kidogo, na kimoja cha chini kinachochangiwa na zeze na marimba, kikiwa umbali wa shubiri moja kutoka kwenye kibuyu. Muheme usiwe na hata kimoja, na ukae nyuma ya waimbaji, hatua tano au sita. Upepo wa Dodoma wa mchana hupiga vipaza sauti kama mtu anayepuliza moto, kwa hiyo visokotewe sponji au kitambaa chepesi.

Ngozi za ngoma zikazwe kwa moto wa majani makavu dakika chache kabla ya kupanda, zikizungushwa, zisiachwe juani tangu asubuhi. Jua la hapa hukausha ngozi kuliko inavyohitaji, na ngoma iliyoanikwa saa nne hupasuka ukingoni katikati ya ubeti wa tatu. Waandaaji watenge mahali pa moto nyuma ya jukwaa. Makundi yanapokatazwa moto kwa sababu za usalama bila kupewa mahali mbadala, ndipo ngozi huanikwa juani.

Mavazi ni mafupi kuyasema. Mhusika wa mkoloni apate kofia ngumu nyeupe ya jua, daftari kubwa kuliko mwili wake, na buti moja lililozidi kipimo. Uso usipakwe chokaa. Chokaa huunguza ngozi, ikichanganyika na jasho huingia machoni, na zaidi ya hayo inahamisha kicheko kutoka kwenye daftari kwenda kwenye rangi ya mtu. Na asiwe peke yake. Karani na tarishi waliomkusanyia kodi walikuwa watu wa hapa hapa, wakivaa kanzu na kofia, na igizo linalowaficha ni la uongo nusu. Mpeni karani mistari yake miwili. Ndiye hupata vicheko vingi zaidi, na ndiye wanafunzi hubaki wakimjadili.

Mwisho ni muda. Wimbo wenye sotoka, hongo, funza, karatasi ya Usagara na Mtunya hauwezi kuimbwa kwa dakika tano bila kugeuka orodha. Tunaomba dakika 9: moja ya zeze na marimba peke yake watu watulie, kama saba za beti na viitikio, na moja ya kutoka jukwaani wakiimba kiitikio kinachofifia. Kama ratiba haina nafasi hiyo, basi kundi liruhusiwe kuchagua jambo moja tu, mathalani rupia tatu, na liimbe hilo kwa ukamilifu. Mwongozo wa mashindano unaodai "historia yote ya ukoloni" ndani ya wimbo mmoja ndio unaozaa mistari ya malaria na keki.

Tuko tayari kukaa na kamati zenu kabla ya msimu ujao, kwa siku moja, tukipitia mashairi ya makundi beti kwa beti; daktari wa mifugo ataleta picha za sotoka na mpiga zeze ataleta zeze. Tunachohitaji ni chumba chenye ubao, umeme wa kinasa sauti, na mtu mwenye ufunguo wa kuzima kinanda.

Wenu,
Walimu wa historia, watabibu wa mifugo na wapigaji wa zeze na marimba,
Dodoma.